Mwangalizi wa Mizinga ya Pwani

King'ora cha mgodi kikilia, mimi siangalii upande wa mgodi. Namwangalia babu.

Majirani zetu pale Nyakunguru, kijiji kilichopakana na mgodi wa dhahabu, wameshazoea. King'ora cha kutangaza mlipuko kikilia alasiri, mwanamke anashusha sufuria kutoka kwenye rafu, anamvuta mtoto karibu, anaendelea na stori yake palepale alipoishia. Ardhi inatikisika, vumbi linapanda kule, mabati yanalia, basi. Kwetu ilikuwa hivyohivyo mpaka babu alipokuja kuishi na sisi. Tangu hapo nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: kwamba siku moja babu atasikia mlipuko, atatoka bila sisi kumwona, atatangatanga mpaka ukutani kwa mgodi, na walinzi hawatajua kwamba ni mzee aliyechanganyikiwa. Watamwona mvamizi kama wale vijana wanaoruka ukuta kutafuta mawe ya dhahabu.

Babu alikuja kwetu baada ya bibi kufariki. Kwake ni Serengeti, kijiji kilicho jirani na hifadhi, ambako kelele kubwa ya usiku ni tembo akivunja mahindi. Alikuwa ameanza kusahau. Anaacha moto unawaka anaondoka. Mara mbili alifungua ng'ombe wa jirani akidhani ni wake, na huku kwetu mtu akionekana anaswaga ng'ombe wasio wake watu hawaanzi na maswali. Mama akaenda kumchukua kabla hajapigwa. Hakuna kati yetu aliyefikiria habari ya mlipuko. Tulifikiria chakula, kitanda, nani atamfulia.

Siku ya kwanza tu tukajua. Tulikuwa tunakula. Babu anasikia kwa shida sana, ukiongea naye lazima umsogelee sikio la kushoto, kwa hiyo king'ora hakukisikia. Lakini ule mtikisiko aliusikia kwa miguu. Tonge lilimdondoka. Akasimama wima kama si yeye aliyehitaji kushikwa mkono kwenda chooni asubuhi, akapiga kelele:

"Kila mtu nafasi yake!"

Kaka yangu akacheka. Mimi nikacheka pia, niseme ukweli. Babu akanigeukia. Kwa kawaida ananiita mke wangu, utani wa babu na mjukuu, ananiuliza kama nimeshampata mwanamume mwingine wa kunilisha. Siku ile aliniangalia kama hajawahi kuniona.

"Wewe kuruta, unacheka nini?"

Kicheko kikanikauka. Macho yake hayakuwa ya utani.

Babu alikuwa mwanajeshi. Hilo tulilijua sote, maana kwetu Wakurya ukipiga hesabu ya nyumba kumi utapata wanajeshi wa kutosha kuanzisha vita. Lakini yeye hakuwa wa kubeba bunduki tu. Alikuwa wa mizinga, kikosi kilichokuwa kinalinda pwani, na mama alikuwa akijua hivyo tu: "Alikuwa pwani huko, anapiga mizinga." Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi zaidi ya kuteka maji na kuanika mihogo. Nikasema nitaandika historia ya kikosi cha babu, yote, kituo kwa kituo, kabla kichwa chake hakijafuta kila kitu. Na pia nilifikiri, nikijua alikotoka, nitajua anakotaka kwenda mlipuko ukipigwa.

Asubuhi ndiyo kichwa chake kilikuwa kinakaa sawa. Nilikuwa namletea uji, nakaa upande wa sikio la kushoto.

"Babu, anza mwanzo."

"Mwanzo ni ng'ombe."

"Babu! Ng'ombe na mizinga wapi na wapi?"

"Ng'ombe wetu waliibiwa wote. Baba yangu akasema kijana asiye na ng'ombe hana cha kuolea, aende jeshini. Mke wangu, una haraka kama mtu anayeharisha. Nyamaza nikuambie."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Mimi nasukuma, yeye anakataa kusukumwa. Nilitaka aende moja kwa moja, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Yeye anakwenda cha tatu, anarudi cha kwanza, anapitia kwa ng'ombe. Lakini kidogo kidogo nilipata.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa juu ya jabali, karibu na mlango wa bandari. Walifika na lori alfajiri, wakaambiwa wasubiri kuche. Kulipoanza kupambazuka babu akaona mbele yake kitu cha bluu kimelala sawa mpaka mwisho wa dunia, akamuuliza mwenzake ni nani amelima shamba kubwa hivyo na mbona halina mti hata mmoja. Walimcheka mpaka alipohama kituo. Pale walikuwa na mizinga ya zamani iliyoachwa na wakoloni, mizito, imeota kutu, na kazi yao ya miezi ya kwanza ilikuwa kusugua kutu na kupaka mafuta. Hawakupiga hata kombora moja. Babu anasema alijua mzinga kwa kuusugua kabla hajaujua kwa kuupiga, kama mtu anayemwogesha ng'ombe dume kabla ya kumwona akipigana.

Kituo cha pili kilikuwa kisiwani. Mizinga mipya ililetwa huko, na maji ya kunywa yaliletwa kwa boti. Boti likichelewa watu wanachunguzana midomo kujua nani amekunywa kwa siri. Chakula kilikuwa samaki asubuhi, samaki jioni.

"Mkurya gani anakula samaki kila siku? Kulikuwa na Mjaluo mmoja wa Rorya huko, alidhani amekufa ameenda mbinguni. Nilikuwa nampa samaki wangu, ananipa sigara. Ndiyo maana unaona nakohoa. Nakohoa samaki."

Kituo cha tatu kilikuwa kusini, karibu na mpaka, wakati ule ng'ambo kulikuwa na vita vya ukombozi. Huko walichimba mahandaki mchangani, mchanga unaporomoka, wanachimba tena. Kila usiku wanangoja meli ya adui.

"Ikaja?"

"Haikuja."

"Babu, miaka yote hiyo hamkupiga meli hata moja?"

"Tulipiga mapipa."

"Mapipa?"

"Boti linavuta mapipa kwa kamba ndefu, sisi tunayapiga. Mapipa ya pwani yalikoma, mke wangu. Hakuna pipa lililotusumbua tena."

Nilicheka mpaka uji ukamwagika. Halafu nikamuuliza baada ya kusini walikwenda wapi. Akaniambia mizinga iling'olewa pwani, ikafungwa nyuma ya malori, ikavutwa nchi nzima mpaka Kagera. Vita. Nikasubiri. Akapapasa fimbo yake.

"Kule hayakuwa mapipa," akasema. Akainuka akaenda zake chooni, peke yake, anapapasa ukuta.

Kila nilipomrudisha Kagera alikuwa anainuka hivyohivyo. Mimi nakasirika, nasema huyu mzee ananichezea, historia gani isiyo na mwisho. Na alasiri mlipuko ukipigwa, tunarudi kwenye "kuruta" na "nafasi yako." Mama alikuwa anamshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, mpaka vumbi litulie na yeye arudi kutuuliza kwa nini tumemshika kama mwizi. Kaka alitengeneza komeo la nje kwenye mlango wa babu. Mama akalikataa. Akasema baba yake si mbuzi.

Sasa niseme siku yenyewe.

Asubuhi ile mama alikwenda Nkende kwenye msiba. Akaniambia maneno yaleyale anayoniambia kila akitoka: "Usimwache. Hata haja ikikubana, usimwache." Babu alikuwa na akili nzuri asubuhi hiyo, na nikiwa namnyoa ndevu nikamuuliza kitu ambacho kwa haraka zangu sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza yeye mwenyewe kwenye mzinga alikuwa anafanya nini. Anasukuma kombora? Anafungua mlango wa mzinga?

"Mimi sikugusa mzinga wakati wa kupiga," akasema, mapovu yamemjaa kidevuni. "Mimi nilikuwa mwangalizi."

Akanieleza. Wapigaji wako chini kwenye handaki, hawaoni kitu. Wanapiga kwa hesabu. Kuna mtu mmoja anakaa juu kabisa, mbele, peke yake, na simu ya waya. Kombora likianguka, yeye ndiye anawaambia limeanguka wapi. Kama halijafika anasema fupi. Kama limepitiliza anasema limepita. Wao wanarekebisha, wanapiga tena, mpaka aseme limelenga. Walimchagua yeye kwa sababu alikuwa amekua akichunga, na anaweza kuhesabu ng'ombe walio kilima cha pili na kukuambia yupi anachechemea.

"Wasiponisikia hawajui wamepiga nini," akasema. "Wanaweza kupiga siku nzima. Mimi ndiye macho."

Nilimfuta kidevu. Macho yake yenyewe siku hizi yana utando mweupe, hata kijiko anakitafuta kwa vidole.

Mchana mawingu yakajaa upande wa juu, mvua ile ya Tarime isiyopiga hodi. Nilikuwa nimeanika mihogo juu ya jiwe nyuma ya nyumba, yote, chakula chetu. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anasinzia. Matone ya kwanza yakaanza. Nikamwangalia, nikaangalia mihogo. Nikakimbia.

Nilikuwa nimeinama, kanga imejaa mihogo, king'ora kikalia. Nikasema namalizia. Ardhi ikatikisika. Nikaokota wa mwisho, ndipo nikarudi mbele ya nyumba na mihogo kifuani, na kigoda kilikuwa kitupu.

Sikupiga kelele. Niliingia chumbani kwake, chooni, zizini, jikoni, nikarudi chumbani kama vile angekuwa chini ya kitanda. Fimbo yake haikuwepo. Hapo ndipo nikapiga yowe, na majirani wakatoka, na kaka akaja anakimbia kutoka kwenye duara lao, yale mashimo wanayochimba dhahabu kwa mikono, amejaa tope mpaka kope.

"Amekimbia mlio," jirani mmoja akasema. "Mzee ameogopa. Atakuwa amekwenda mtoni."

Wote wakakubali. Mtu akiogopa mlio anaukimbia, hata ng'ombe anajua hivyo. Wakaanza kuteremka kuelekea mtoni, wanaume mbele, wanawake wanaita. Na mimi nikaanza kuteremka nao. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba nikasimama.

"Kaka," nikasema. "Hajaukimbia."

"Nini?"

"Yeye ni mwangalizi. Haendi mbali na mlio. Amekwenda kuangalia lilipoangukia."

Kaka hakuelewa neno la mwangalizi, lakini aliona mkono wangu ulikoelekea. Kule juu, kwenye lundo la mawe ambayo mgodi unayatupa, ambalo limekua mpaka limekuwa kilima kuliko vilima vya Mungu. Hakuna mahali pa juu zaidi ya pale. Rangi ya kaka ikabadilika chini ya tope. Yeye pale anajulikana. Ana kovu mguuni alilolipata akiruka ukuta ule usiku, na walinzi walishamwambia kwamba wakimwona tena hawatamkimbiza, watafanya kingine.

"Mimi siwezi kufika pale," akasema.

"Najua."

"Na wewe ukipanda watakuona mvamizi."

"Sasa nimwache?"

"Sijasema umwache! Nimesema... Twende. Nitakusindikiza mpaka kwenye mahindi."

Tulikimbia. Mvua ilikuwa imeanza sawasawa. Kaka alikuwa anasema peke yake, "Mzee huyu, mzee huyu," kama anamtukana na kumwombea kwa wakati mmoja. Mahindi yalipoishia akalala chini. Mimi nikatokeza.

Nikamwona. Alikuwa amepita palipotobolewa kwenye ukuta, mahali wanapopitia vijana, sijui alipajuaje. Alikuwa juu kabisa ya lile lundo, amepiga goti moja. Na fimbo yake ilikuwa begani, ameielekeza mbele, jicho moja amelifumba. Kwa mbali ile haikuwa fimbo.

Chini ya lundo kulikuwa na gari la doria, mlango wazi, na walinzi wawili. Mmoja kijana, mmoja mtu mzima. Yule kijana alikuwa amelaza bunduki yake juu ya boneti, ameielekeza juu kwa babu, anapiga kelele: "Tupa chini! Tupa silaha chini!" Babu hata hakugeuka. Hasikii. Kijana alikuwa akitetemeka kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniua kabisa. Mtu akitetemeka na kidole kiko pale.

Nilitoka mikono juu nikaanza kupiga kelele ambazo sijui zilianza na neno gani.

"Ni babu! Ni babu yangu! Ni fimbo! Hasikii, jamani, hasikii!"

"Lala chini wewe!"

Nikalala kwenye tope. Kichwa nimekiinua. Yule mtu mzima akanisogelea.

"Nani kule?"

"Babu yangu. Shikamoo."

"Marahaba... usinisalimie! Anafanya nini kule juu?"

"Amechanganyikiwa. Alikuwa mwanajeshi. Ile ni fimbo, naapa."

Aliniangalia, akaangalia juu, akamgeukia kijana akamwambia kwa Kikurya ashushe bunduki, taratibu, hivyo hivyo, mura, kijana wangu. Kijana akashusha. Nikaanza kulia hapo, nikidhani yamekwisha.

"Sikiliza," yule mtu mzima akasema, na sauti yake ikawa ya chini. "Kuna mlipuko wa pili. Baruti imeshajazwa upande huu. Mawe yanaruka mpaka pale alipo. Nawaambia kwa redio wasubiri, lakini si mimi ninayebonyeza. Nikipanda mimi na hizi nguo, na yeye anaona vita, atafanya nini?"

Hakungoja nijibu. Akaanza kuongea kwenye redio yake, na redio inamjibu kwa mikwaruzo. Mimi nikaanza kupanda.

Mawe yale yanateleza. Unapanda unarudi, unapanda unarudi. Nilifika juu magoti yanatoka damu, nikamshika bega. Akanivuta chini kwa nguvu ambayo sijui alikuwa ameificha wapi.

"Kuruta! Unasimama kama mbuzi juu ya kaburi! Lala!"

"Babu, twende. Mama anakuita," nikampigia kelele sikio la kushoto.

"Simu yangu imekatika."

"Babu, ni mimi. Mke wako. Twende nyumbani."

"Sijaona lilipoangukia. Siwezi kurudi bila kusema lilipoangukia." Akageukia lile shimo kubwa la mgodi, akakaza macho, na machozi yalikuwa yanamtoka, si ya kulia, ya kukaza. "Kuna ukungu. Wewe una macho. Angalia. Limeanguka wapi?"

Nikaangalia. Sikuwahi kuliona lile shimo kwa juu. Lilikuwa na ngazi ngazi kama mashamba ya matuta, magari chini kama mende, na kwenye ngazi moja, upande wa mbali, vumbi la mlipuko wa kwanza lilikuwa bado halijatulia. Karibu na sisi, upande huu, hapakuwa na kitu kimeguswa. Na mimi, Mungu wangu, nikajibu kama mtu anayejibu swali la mtihani. Nikafikiria: hapa tulipo, pale lilipoanguka, lengo lingekuwa ukingo wa ng'ambo, halikufika. Nikataka kuwa sahihi.

"Fupi," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu nifike akatulia.

"Fupi!" akapiga kelele kwenye mvua, kwa watu wasiokuwepo. "Fupi! Ongezeni!" Kisha akajilaza vizuri, akakunja miguu, akavuta mawe mawili akayaweka mbele ya kichwa. "Vizuri, kuruta. Sasa linakuja jingine. Tulia hapa."

Nilielewa nilichofanya, lakini nilikuwa nimeshakifanya. Nilimshika mkono nikamvuta. Nilimvuta shati mpaka kifungo kikatoka. Nilimwambia nilikosea, nilimwambia mama amekufa, nilisema uongo mbaya kuliko wote nilioujua. Hakusogea. Mwangalizi haondoki akiwa amesema fupi. Chini nilimwona yule mlinzi mtu mzima anatupungia mikono yote miwili, anafungua mdomo, simsikii. Halafu king'ora kikalia. Yeye na mwenzake wakakimbilia nyuma ya gari.

Sijui kama niliomba. Nakumbuka niliangalia kifungo cha shati mkononi mwangu.

Babu hakukisikia king'ora, lakini aliniona nilivyokuwa. Akanikandamiza kichwa mawe yakanikwaruza shavu, akanilalia mgongoni, mzee mzima, mifupa mitupu.

"Fungua mdomo!" akanipigia kelele sikioni. "Fungua mdomo kuruta, masikio yatapasuka!"

Nikafungua. Dunia ikainuka. Si kelele, kelele ilikuja baadaye. Kwanza tumbo langu lilipanda kifuani, halafu kila jiwe chini yangu likasogea, halafu giza, vumbi limeingia mpaka kooni kwenye ule mdomo niliofungua. Mawe yakaanza kuanguka. Unayasikia yanakuja, yanapiga filimbi, tap, tap, moja kubwa kama kichwa cha ndama likatua karibu na mkono wangu likapasuka. Nilisikia babu akiguna mara moja. Nikajua amekufa. Nilibaki chini yake mdomo wazi, sithubutu kusogea, kwa sababu nikisogea nitajua kwa hakika.

"Limeanguka wapi?"

Alikuwa anauliza. Alikuwa hai, na anauliza.

Hapakuonekana kitu. Vumbi na mvua vilikuwa vimekuwa tope hewani. Sikuangalia hata.

"Limelenga," nikasema.

"Una hakika?"

"Limelenga, afande."

Uzito wake ulikuwa bado mgongoni kwangu, na nilimsikia anavuta pumzi kama mtu anayejitayarisha kubeba kitu.

"Na pale lilipoangukia," akasema polepole, "umeona nini?"

Nikakumbuka alivyokuwa anainuka kila nikimtajia Kagera. Nikajua jibu moja tu ndilo litakalomshusha.

"Mapipa, babu. Mapipa tu."

"Mapipa."

"Ndiyo. Yameelea. Hakuna mtu."

Akajiviringisha kutoka mgongoni kwangu akakaa. Akajifuta uso kwa mikono miwili, vumbi likatoka, chini yake kukawa na uso wa babu yangu, umechoka, unashangaa mvua.

"Basi waambie wapumzike," akasema. "Waambie wote wapumzike."

Tulishuka makalio chini, nimemshika kiunoni. Yule kijana mwenye bunduki ndiye aliyekuja kumpokea chini, akamwekea mkono asiteleze, akasema, "Pole mzee, shikamoo." Yule mtu mzima akatuambia redio ilikuwa imejaa maneno ya watu wengine, hakusikika. Alilirudia hilo mara nyingi, kama mimi ndiye mkubwa wake wa kazi. Wakatupeleka mpaka nyumbani kwa gari lao. Njiani kaka akatokeza kwenye mahindi, akaona gari, akalala tena.

Mgongoni babu alikuwa na uvimbe kama ngumi, mweusi. Mama alirudi jioni akamkanda kwa maji ya moto; majirani walikuwa wameshamwambia. Babu alikuwa anamlalamikia kwamba kigoda kibovu kimemwangusha. Mama akasema, "Ndiyo baba, kigoda." Kulipokucha akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akasema babu anahamia Nkende kwa shangazi yake, dada wa babu, mjini, ambako hakuna baruti, na mimi nakwenda naye.

Kwa hiyo naandika nikiwa Nkende. Kuna duka la nafaka mbele, kuna fundi cherehani, kuna kanisa. Babu anashinda barazani. Asubuhi ananiambia habari za kisiwani, ananitania, anamtania shangazi. Kagera sijamuuliza tena. Kikosi kiliishaje, kilivunjwa lini, mizinga ilipelekwa wapi, sijui, na sasa siku hizi si mimi mwenye haraka. Matokeo yakitoka nitaitwa mahali fulani nisome, na shangazi nimeshamfundisha maneno ya kumjibu babu. Nimemwambia asije akasema fupi. Ananijibu, "Hapa kuna baruti gani, wewe mtoto?"

Jana lori la kwenda Sirari lilipasuka tairi pale barabarani. Mlio ulipiga mabati yetu. Nilikuwa nachambua mchele, ungo ukaruka, nikajikuta nimeshafika barazani nimeshika mkono wa babu kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa anamenya ndizi. Aliacha kumenya. Alikaza macho yake meupe barabarani, muda mrefu, na mimi nilikuwa nimeshaliweka mdomoni lile neno, limelenga.

"Nini hiyo?" akauliza.

"Tairi, babu. Lori."

"Tairi." Akageukia mikono yangu iliyomshika. "Mbona unatetemeka? Mke gani huyu anaogopa tairi?"

Akanikatia nusu ya ndizi. Niliipokea kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine sikumwachia mpaka lile lori lilipobadilishwa tairi likaondoka.